Miaka arobaini ya chupa, siku tatu za kibuyu

Chupa ilifika Sagana ikiwa imelazwa kwenye buti ya Probox, katikati ya kreti mbili za soda na gunia la mchele wa Mwea. Ilikuwa port ya mwaka 1985. Shangazi yangu, anayefanya kazi ya kutunza wazee Uingereza, alipewa na familia ya mzee mmoja aliyemhudumia hadi siku ya mwisho. Watoto wa marehemu waligawana vitu vya maana, na chupa ambazo hakuna aliyezitaka wakamwachia yeye. Akabeba moja hadi nyumbani kwa ajili ya ruracio ya binamu yangu. Upande wa kijana ungekuja na muratina, hilo lilijulikana. Shangazi alitaka nasi tuwe na kitu cha kuweka mezani.

Kwa hivyo siku moja, chini ya hema moja, nilionja vinywaji viwili ambavyo watu hawaviweki pamoja. Kimoja kilikaa chupani karibu miaka 40. Kingine kilikuwa na siku mbili na usiku mmoja. Nimekuwa nikitaka kuviandikia uhakiki tangu siku hiyo, na nimechelewa kwa sababu kila nikianza naona kwamba ninachotaka kuhakiki hasa ni sisi wanywaji.

Tuanze na port. Hutoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno. Zabibu hukamuliwa, kwingine hadi leo kwa miguu ya watu ndani ya mabirika ya mawe, na kabla sukari yake haijaisha kuchacha humwagiwa pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77. Hamira hufa, utamu hubaki, na kinywaji hutulia karibu asilimia 20. Nyingi huzeekea kwenye mapipa. Ile inayoitwa vinteji ni kitu kingine: mavuno ya mwaka mmoja tu, mwaka ambao kampuni imeuona unastahili kutangazwa, hukaa kwenye mbao miaka kama miwili, halafu hutiwa chupani na kulazwa gizani. Huko ndiko huzeeka, miaka 20, miaka 40, pengine zaidi. Mwaka 1985 ulitangazwa na kampuni nyingi kubwa. Mwaka 1963 pia, na wapenzi wa port huutaja 1963 kwa sauti ile ile tunayoutaja sisi, ila kwa sababu tofauti.

Huku kwetu port si mgeni kabisa, lakini ilijulikana kwenye meza ambazo sisi tulikuwa tukizipangusa. Desturi ya Waingereza ilikuwa kuinywa baada ya chakula cha usiku, na walowezi wa Nyeri walikuja na desturi zao zote. Sheria ya koloni haikumruhusu Mwafrika kunywa mvinyo wala pombe kali za Kizungu hadi miaka ya 1950. Na kuna ile Sagana Lodge, ambayo watu hudhani iko mjini kwetu kumbe iko Kiganjo, karibu na Nyeri, kando ya mto wenye jina hilo. Ilikuwa zawadi ya koloni kwa Elizabeth alipoolewa mwaka 1947, na ndiko alikokuwa Februari 6, 1952 alipoambiwa kwamba babake amefariki na yeye ndiye malkia. Ukisema “Sagana” mbele ya Mwingereza wa umri fulani, anafikiria hiyo. Ukiisema mbele yangu, nafikiria samaki wa kukaanga, reli, na njia panda ya kwenda Kagio.

Sasa, chupa ya vinteji haipendi safari. Miaka ile yote imeacha machicha chini, na ukiitikisa machicha yanapanda, kinywaji kinakuwa na mchanga. Inatakiwa isimamishwe wima angalau siku nzima kabla ya kufunguliwa, kisha imiminwe polepole kwenye chombo kingine, na anayemimina aache mara tu aonapo weusi ukikaribia shingo ya chupa. Yetu ilikuwa imetoka uwanja wa ndege hadi Sagana juu ya barabara ambayo Kenol kwenda mbele ilikuwa inatengenezwa, vumbi na michepuko kila kilomita. Shangazi aliisimamisha kwenye kabati usiku mmoja tu. Koki ilikatika nusu. Tukaichuja kwa kichujio cha chai na kipande cha leso safi, ndani ya jagi la juisi. Najua kuna watu wataumia wakisoma hapo. Hata mimi niliumia kidogo.

Na bado.

Rangi haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na ukiinamisha glasi, ukingo wake ulielekea kwenye tofali. Harufu ya kwanza ilikuwa zabibu kavu zilizolowekwa, ya pili kasha la mbao la nguo za sikukuu, la cucu, likifunguliwa baada ya mwaka mzima. Baadaye kukaja kitu nilichokijua kabisa na sikupata jina lake. Mdomoni ilikuwa tamu, lakini si utamu wa soda unaokuja wote mara moja kisha ukakuachia kiu. Huu ulikuja nyuma ya uchachu, ukafunikwa na ukakasi mdogo wa chai, na ule ukali wa pombe, ambao ukiwa kijana hukukwaruza koo, ulikuwa umechoka kugombana. Ilikaa. Nilikuwa nimeshakula mukimo vijiko viwili na bado ilikuwepo. Kasoro zake ni mbili: vikombe vya mwisho vilikuwa na mchanga, kosa letu, na katikati yake kulikuwa na udhaifu fulani, kana kwamba ilikuwa na nguvu zaidi miaka kumi iliyopita na tulikuwa tumechelewa kidogo. Kilele chake nadhani kilimpita yule mzee wa Uingereza akiwa bado anaitunza.

Jina nililolikosa nilipewa na mzee wa upande wa pili. Alinusa mara moja, akatazama juu ya hema, akasema, “Ugoro.” Alikuwa sahihi kabisa. Ugoro mzuri, ule wenye unyevu. Wazungu wangesema sanduku la sigara, na wangekuwa wanasema kitu kile kile.

Maelezo ya port nzee kwa kawaida hujaa vitu vya maisha ya mtu fulani: ngozi ya tandiko, keki ya Krismasi, matunda ya msituni Ulaya. Hakuna ubaya. Kila mtu huonja kwa kabati lake. Tatizo huanza kabati la mtu mmoja linapofanywa kamusi ya wote, na watu wa Kirinyaga tunalijua hilo kuliko wengi, kwa sababu ya kahawa. Kahawa ya SL28, aina iliyochaguliwa na Scott Laboratories miaka ya 1930, inalimwa kwenye miteremko hii hii, na wanunuzi wa nje huisifu kwa ladha ya tunda ambalo wakulima wengi wanaolima kahawa hiyo hawajawahi kuliona. Ni lile tunda la Ribena. Mkulima anaambiwa kahawa yake ina Ribena ndani na anatikisa kichwa kwa adabu. Kahawa yake imeonjwa, imepewa alama, imeuzwa, na yeye hajahusishwa kwenye mazungumzo hata kidogo.

Basi yule mzee alipomaliza “ugoro” wake, akaonja tena na kutoa uamuzi. “Hii imelala sana,” akasema, “na imeamka na adabu.” Watu wakacheka, shangazi akafurahi. Halafu akauliza: “Nani aliipika?” Shangazi akasoma jina la kampuni kwenye karatasi ya chupa. Mzee akasikiliza, akakataa kwa kichwa. “Hiyo ni nyumba. Mimi nauliza mtu.”

Swali hilo lilinikera wakati ule, nikaliona la kizamani. Sasa naliona ndilo swali la siku nzima.

Maana muratina ilikuja na mtu. Baba mdogo wa bwana harusi, kutoka upande wa Karatina, ndiye aliyeipika, na alikuwa ameketi pale pale, mikono juu ya magoti. Niseme pia kwamba haikuwekwa meza ya mbele. Mbele kulikuwa na soda, kwa sababu nusu ya familia ni watu wa kanisa na mama yangu ni mmoja wao. Port ilipita mbele kwa kuwa ilikuwa kwenye jagi la juisi na ilionekana kama juisi. Muratina iliwekwa nyuma, hema dogo kando ya migomba, na wazee wakawa wanaondoka mmoja mmoja “kunyoosha miguu”. Kinywaji ambacho bila hicho ruracio ya zamani haikuanza kabisa, sasa kinanywewa kwa kujificha kama sigara ya mwanafunzi.

Muratina hupata jina lake kutoka kwenye tunda la mwegea, lile refu kama soseji kubwa linaloning'inia kwa kamba. Tunda lenyewe halinyweki wala haliliki. Hupasuliwa, huanikwa, huchemshwa, huanikwa tena. Halafu huwekwa kwenye maji kidogo ya miwa mahali pa joto, likae siku moja, litolewe na kukaushwa juani. Hapo limekuwa na hamira ndani ya nyuzi zake. Ndipo huingizwa kwenye mtungi wa maji ya miwa au asali na maji, karibu na moto, na baada ya siku moja hadi nne, kutegemea joto na mkono wa mpishi, una njohi. Baada ya hapo haingoji mtu. Ikikaa, inakuwa siki.

Lakini vipande vya tunda havitupwi. Huoshwa, hukaushwa, huwekwa hadi mara nyingine, na mara nyingine tena. Yule baba mdogo alituambia baadhi ya vyake alivirithi kwa mamake, na matunda yenyewe yalitoka upande wa Mbeere, kwenye joto, kabla yeye hajaoa. Nilivitazama: vyeusi, vyepesi, vyenye nyuzi kama sifongo ya kuogea. Hapo nikaona tumekuwa tukilinganisha vibaya. Tunasema port ni nzee na muratina ni changa, kana kwamba moja ina historia na nyingine haina. Uzee wa port uko kwenye kinywaji, na ukikinywa umeumaliza. Uzee wa muratina uko kwenye kipande cha tunda. Kinywaji huzaliwa na kufa wiki hiyo hiyo, lakini kinachokizaa kinaweza kuwa na umri wa aunt yako.

Nayo niliionja kama nilivyoionja ile nyingine. Rangi ya maji ya ukwaju, na povu jembamba ukingoni. Ilinusa unga uliokandwa na kuachwa, na nyuma ya unga kulikuwa na gome la mti lililolowa. Mdomoni ilichemka kidogo, ikachachua pembe za ulimi, na uchungu wa gome ukaja mwisho kabisa ukasafisha yote. Nilipenda mwisho huo. Ni mfupi, hauachi deni. Sikupenda mwanzo. Utamu ulikuwa mwingi na ulikuja mbele ya kila kitu, mtupu, bila harufu yoyote ya asali. Nilijisemea pengine ndivyo ilivyo, mimi ni mtu wa Nairobi, najua nini.

Guka wetu hakujisemea. Alipewa pembe, mwenyewe aliyeileta akiwa ameshaonja kwanza mbele ya watu, akamwaga matone chini, akanywa kidogo. Akakaa nayo mdomoni muda. Kisha akauliza, kwa upole kabisa:

“Siku ngapi?”

“Mbili na usiku, mzee.”

“Karatina? Julai hii?”

Yule mtu hakujibu. Kila mtu wa huku anajua Karatina mwezi wa Julai. Baridi ile hata uji hauchachi.

“Haijaiva,” guka akasema. “Mliona haijaiva, mkaongeza sukari ya duka ipate nguvu haraka. Miwa ilikuwa na maji?”

“Ilikuwa na maji, mzee. Na siku ilisogezwa mbele.”

“Miratina yako ni mizuri lakini. Hiyo usiibadilishe.”

Akanywa tena, akapitisha pembe. Hakuna aliyekasirika, ingawa nilimwona baba mdogo akitazama ardhi muda mrefu kuliko kawaida. Alikubali faini ya mtungi mwingine, watu wakapiga makofi, mambo ya mahari yakaendelea.

Nimesoma uhakiki mwingi wa vinywaji na wa vitabu, na mchache ulifikia huo. Mzee alitenganisha vitu vitatu ambavyo mlevi huvichanganya: malighafi (miwa ya maji), wakati (siku hazikutosha kwa baridi ile) na chombo (tunda ni zuri). Alitaja kosa, akataja sababu yake, akataja kisichofaa kuguswa. Na alimwambia mwenyewe, usoni, mbele ya wakwe, kwa jina la kazi yake. Hakusema “kwangu mimi sijui, labda ni mdomo wangu”. Hakusema “moto sana, hongereni”.

Kiswahili kina methali juu ya jambo hili: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shuleni tulifundishwa kwamba inaonya juu ya majivuno, na tukapewa alama. Lakini isome kama mtu anayekunywa. Tembo likitiwa maji, anayeumia ni mnywaji, na anayeanzisha ubaya wote ni msifiaji. Methali inasema sifa zisizo na kipimo huharibu kinywaji. Kwa miaka hii ya simu sisi tumekuwa wasifiaji wa kazi. Mtu anafungua baa Ruaka, anamwita kijana mwenye wafuasi, kijana anapiga picha glasi, kila kitu ni kali, kila kitu ni fiti. Na tusicheke sana, maana waandishi nasi tunajuana: kitabu kinazinduliwa, tunakumbatiana, tunapiga picha na mwandishi, na mwaka unaisha hakuna aliyemwambia sura ya tatu haijaiva.

Binamu yangu mwingine, mjanja wa biashara na namkubali, anauza muratina Nairobi kwa mtandao. Kwenye chupa ameandika kwa dhahabu: “Imezeeshwa miezi sita.” Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia wateja wanapenda kitu cha kuzeeshwa, ndiyo lugha ya vinywaji vya bei. Nimeionja. Ni siki iliyoongezwa sukari na kitu cha kunukia asali. Ameichukua sifa ya port akaivika kitu ambacho sifa yake ni kinyume: kwamba kilinywewa asubuhi ya siku yake na si siku iliyofuata. Angeandika “Ilipikwa Jumatano, inywe Jumamosi,” na jina la aliyeipika, ningenunua kreti. Lakini hilo lingemlazimisha kuwa na mpishi mwenye jina, na mteja anayejua tofauti ya Jumamosi na Jumatatu. Hana hata mmoja.

Wakati mwingine watu huniambia, wewe unaongea ladha na huku watu wanakufa. Ni kweli. Februari 2024, Kangai, si mbali na Sagana, zaidi ya watu kumi walikufa kwa pombe yenye sumu na wengine wakapoteza macho. Mei 2014 iliua watu wengi Embu na kaunti nyingine. Nisidanganye mtu: ulimi haukuokoi hapo. Methanoli haina ladha ya kujitambulisha. Inafanana na ndugu yake kiasi kwamba mwonjaji bingwa wa Douro naye angeinywa. Kinachoua ni pombe isiyo na mtu. Mtungi umetoka stoo isiyojulikana, umepita mikono mitano, umetiwa maji na rangi, na anayekuuzia hajui kilicho ndani kuliko wewe. Muulize swali la yule mzee, nani aliipika, na hana jibu hata la uongo.

Port nayo ilipitia hapo. Karne ya 18 wafanyabiashara walilaumiana kwa kuchakachua mvinyo wa Douro, wakiutia rangi kwa juisi ya matunda ya mti fulani wa vichakani ili uonekane mzito, na bei zikaanguka. Mwaka 1756 Pombal, waziri mwenye nguvu wa mfalme wa Ureno, akaanzisha kampuni ya kusimamia biashara hiyo, akaamuru mpaka wa bonde uchorwe, nguzo za mawe zikasimamishwa, na ile miti ikang'olewa. Si hadithi ya upole. Mwaka uliofuata watu wa Porto walifanya ghasia kuipinga kampuni hiyo, na baadhi yao wakanyongwa. Lakini kitu kimoja kilichomea kwenye udongo huo kikabaki: wazo kwamba kuna mtu kazi yake ni kuonja na kukataa. Hadi leo taasisi inayosimamia port ina chumba cha waonjaji, na port haipati muhuri wake kabla haijapita kwenye vinywa vyao. Wakisema haifai, haifai.

Sisi tulikuwa na chumba hicho. Kilikuwa na wazee, pembe moja na swali la siku ngapi. Kila misiba inapotokea tunakuja na kitu kingine: msako. Chifu na askari wanapita, wanamwaga. Wanamwaga jeriken la sumu na wanamwaga kibuyu cha asali kwa mguu ule ule, na kamera haioni tofauti. Sheria ya mwaka 2010 ilihalalisha chang'aa kwa masharti, na kwenye karatasi mlango ukafunguka. Ila mama mwenye mtungi mmoja na jiko la kuni hapiti kwenye mlango uliopimwa kwa lori. Matokeo yake ni yale niliyoyaona nyuma ya migomba. Kinywaji kikifichwa, mpishi wake naye anafichwa, na aliyefichwa haambiwi na mtu kwamba haijaiva. Muuza sumu anapenda giza hilo hilo. Sisi ndio tulimtengenezea.

Simlaumu mama yangu na soda zake. Amezika ndugu wawili kwa sababu ya chupa, na kwake kila pombe ina sura hizo mbili. Nilimpa glasi ya port anuse tu, nikamwambia ni ya zamani kuliko mimi. Alinusa. Akasema inanuka kama kanisa la zamani pale mlangoni, mbao na vitabu vya nyimbo. Ni maelezo bora kuliko yangu ya kasha la cucu, na nimeyaacha hadi hapa kwa wivu tu.

Ukinishika shati uniulize kipi kilikuwa bora siku ile, nitasema port, na si kwa mbali. Ilikuwa imeguswa na uzee kidogo na sisi tuliitesa, lakini kila iliyekuwa na deni nacho ilikuwa imemlipa. Muratina iliharakishwa. Hata hivyo port ile nimeshaimaliza na sitaipata tena. Zile chupa nyingine mbili shangazi alishazigawa kwa watu wa kazini kwake kabla hajajua ni nini. Muratina ingeweza kurudiwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuihakiki kwa ukali zaidi. Uhakiki wa port ya 1985 ni tanzia, unaandika sifa za marehemu. Uhakiki wa muratina unafika mezani ukiwa bado una kazi ya kufanya.

Faini ililetwa wiki tatu baadaye. Baba mdogo alikuja na Probox hiyo hiyo, mtungi ukiwa umefungwa blanketi kiti cha nyuma kama mtoto mgonjwa, na dirisha limefungwa. Alikuwa ameupika kwa dada yake huku Sagana, ambako kuna joto, badala ya kwake Karatina. Asali kidogo, miwa ya pale barabarani, hakuna sukari. Kabla hajaketi alimwambia guka, bila kuulizwa: “Ni asubuhi ya nne.”

Safari hii mtungi uliwekwa sebuleni, kwa kuwa hapakuwa na wageni wa kanisa, ingawa mama alitoka nje kuangalia kuku. Guka akamwaga matone, akaonja, akakaa nayo. Tukangoja. Baba mdogo alikuwa anatazama mdomo wake kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani ubaoni.

Guka hakusema kitu. Alimaliza pembe, akaipangusa ukingo kwa kidole gumba, akainyosha tena ijazwe.